Wizi wa Nywila Uliozaa SSH

Anayejifunza kuendesha seva ya Linux hukutana mapema na amri ya herufi tatu: ssh. Kwayo huingia kwenye kompyuta iliyo mbali na kuiamuru kama aliyeketi mbele yake. Chanzo chake ni wizi.

Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, iligundulika kuwa kuna mtu ananasa nywila zinazopita kwenye mtandao wa chuo. Hakulazimika kuvunja chochote. Enzi hizo watu waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa telnet, na telnet husafirisha nywila kama barua isiyo na bahasha.

Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akaandika SSH, programu ya kuchukua nafasi ya telnet. Ilifanya kazi mbili: kusimba kila kinachopita njiani, na kumwezesha mtumiaji kuhakikisha kuwa seva anayoongea nayo ndiyo yenyewe. Akaiombea lango la mtandao namba 22, lililokuwa wazi kati ya 21 la FTP, itifaki ya kuhamisha mafaili, na 23 la telnet, akapewa. Julai 1995 aliitoa bure. Hadi mwaka unakwisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50.

Ylönen alianzisha kampuni, na masharti ya leseni yakazidi kubana. Ndipo mwaka 1999 watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD wakachukua toleo la zamani lililokuwa huru, wakaunda OpenSSH, inayotumika leo kwenye seva nyingi za Linux.

Hata hivyo, matatizo hayakuisha. Mwaka 2008 ilibainika kuwa badiliko dogo la msimbo katika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, lililofanywa miaka miwili kabla, lilifanya funguo za SSH zinazoweza kuzalishwa ziwe chache kiasi cha kubashirika. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona ssh ikichelewa kwa nusu sekunde. Alipofuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili. Mara zote mbili kasoro ilitoka pembeni, si kwenye itifaki ya SSH.

Kwa hiyo anayeanza asasishe mfumo wake, atumie jozi ya funguo badala ya nywila, na afunge njia ya root, akaunti ya msimamizi mkuu, kuingia kwa nywila. Tena, ssh inapomuuliza kwa mara ya kwanza kama anaitambua alama ya seva, asikimbilie kujibu ndiyo. Kusimba hufanywa na programu. Kuitambua seva mara ya kwanza Ylönen alimwachia mtumiaji.