Wosia kama Kipimo cha Umri: Tarehe za Kuzaliwa katika Uingereza ya Zama za Kati na Suala la Malory

Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia ya Uingereza iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Kabla ya agizo hilo hapakuwa na utaratibu wowote wa nchi nzima wa kuandika siku ambayo mtoto amezaliwa. Kwa hivyo mtafiti anayefuatilia nasaba ya mtu wa karne ya 14 au ya 15, awe mfanyabiashara, mwenye shamba au mtunzi wa vitabu, aghalabu hulazimika kuanzia mwisho wa maisha na kurudi nyuma kuelekea mwanzo wake. Mtu aliyezaliwa pasipo kuandikwa alikufa akiwa ameandika, na alichokiandika ni wosia. Makala hii inachunguza jinsi hati hiyo inavyotumiwa kukadiria mwaka wa kuzaliwa, na jinsi makadirio hayo yalivyoathiri mjadala mmoja mkubwa wa uhakiki wa fasihi, yaani utambulisho wa mwandishi wa Le Morte Darthur.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno wosia huleta mawazoni utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye. Ni nasaha ya mzazi kabla ya nasaha kuwa hati ya mali. Wosia wa Kiingereza wa zama za kati ulikuwa zao la mahakama. Mwenye wosia alikabidhi roho yake kwa Mungu, akataja mahali pa kuzikwa, akaamuru madeni yalipwe, kisha akagawa vyombo, nguo, mifugo na fedha. Baada ya kifo, wasii waliipeleka hati ikathibitishwe, na kwa kawaida iliyoithibitisha ilikuwa mahakama ya kanisa. Sajili za mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury zinaanzia mwaka 1384. Zile za mahakama ya Husting jijini London zina hati za tangu mwaka 1258. Ni muhimu kukumbuka kuwa hati hizi hazikuandikwa ili kuhifadhi nasaba, na kwa nadra sana mwenye wosia hutaja umri wake mwenyewe.

Wosia hutoa mipaka, wala hautoi tarehe ya kuzaliwa. Siku ya kuandikwa na siku ya kuthibitishwa hukizingira kifo katikati. Umri huja kupitia watoto na wajukuu. Sheria ya kanisa iliruhusu mvulana kuandika wosia wa mali inayohamishika akiwa na miaka 14 na msichana akiwa na miaka 12, na umri huo huo ulitosha kwa ndoa. Basi mwenye wosia anayemtaja mjukuu hawezi kuwa kijana. Lakini ni mzee kiasi gani? Kukadiria kizazi kimoja kuwa miaka 25 au 30 ni mazoea ya watafiti wa nasaba, na mazoea si ithibati. Ushahidi wenye uzito zaidi ni masharti. Mtoto aliyeachiwa fedha azipokee atakapofika umri fulani bila shaka hajaufikia umri huo siku ya wosia. Lenye nguvu kuliko yote ni sharti linalomhusu mtoto aliye tumboni, iwapo mke ana mimba, kwa kuwa hapo mpaka wa miaka hugeuka kuwa mpaka wa miezi.

Mfano mzuri unapatikana katika familia ya Paston ya Norfolk, inayojulikana kwa barua zake za karne ya 15. Margaret Paston aliandika wosia tarehe 4 Februari 1482, na kufariki mwaka 1484. Miongoni mwa aliowakumbuka ni Constance, binti wa nje ya ndoa wa mwanawe John, ambaye angepewa fungu lake la fedha akitimiza miaka 20. Kutokana na sharti hilo inajulikana kuwa Constance alizaliwa baada ya Februari 1462. Babake alifariki Novemba 1479, kwa hivyo binti huyo hangeweza kuzaliwa baada ya Agosti 1480. Huo ni upana wa takriban miaka 18, na wosia peke yake hauwezi kuupunguza. Hata hivyo, miongoni mwa nyaraka za familia ipo barua ya mapenzi aliyoandikiwa John na mwanamke aitwaye Constance Reyneforth, barua inayodhaniwa kuwa ya mwaka 1478. Ikiwa mwanamke huyo ndiye mama, jambo ambalo jina la mtoto linalidokeza bila kulithibitisha, basi yamkini mtoto alikuwa mdogo sana nyanya yake alipomtengea fungu. Ikumbukwe pia kwamba mwaka wa Kiingereza wakati huo ulianza tarehe 25 Machi, kwa hivyo Februari ambayo kwetu ni ya 1482 kwao ilikuwa bado ya 1481. Mtafiti asiyelijua hili hukosea mwaka mzima kabla hata hajaanza kukokotoa.

Familia hiyo hiyo ina onyo jingine. Watafiti wengi hushikilia kuwa ndugu wawili wenye jina moja ni dalili kwamba wa kwanza alikufa kabla ya wa pili kuzaliwa. Margaret na mumewe walikuwa na wana wawili walioitwa John, mmoja aliyezaliwa mwaka 1442 na mwingine mwaka 1444, na wote wawili walikua wakawa watu wazima. Kadhalika kimya cha wosia hakina budi kusomwa kwa tahadhari. Kabla ya sheria ya mwaka 1540, ardhi kwa jumla haikurithishwa kwa wosia. Ilimwendea mwana wa kwanza kwa nguvu ya sheria, isipokuwa mahali penye desturi tofauti kama London, au pale ilipokabidhiwa wadhamini. Kwa hivyo mwana wa kwanza anaweza kukosekana kabisa katika wosia kwa sababu amekwisha kupata kilicho kikubwa kuliko vyote. Binti aliyeolewa na kupewa mahari yake na wazazi naye huachwa. Hata maneno ya ukoo yana hila: neno la Kilatini nepos huweza kuwa mjukuu au mpwa, na baina ya hao wawili kuna tofauti ya kizazi kizima. Jambo hili halitamshangaza msomaji anayejua neno ndugu linabeba watu wangapi. Na zipo hati zisizosaidia hata kidogo. Mshairi John Gower aliandika wosia tarehe 15 Agosti 1408, ukathibitishwa tarehe 24 Oktoba mwaka huo. Humo mkewe Agnes aliachiwa pauni 100, lakini hakuna mtoto anayetajwa, na hakuna mlango wa kuingilia katika umri wa mshairi. Mwaka 1330 unaonasibishwa naye ni kisio linaloegemea hati za ardhi.

Athari za makisio ya namna hii zinaonekana bayana katika suala la Malory. Mwandishi wa Le Morte Darthur, kitabu kilichochapishwa na Caxton mwaka 1485, anajitaja kuwa Sir Thomas Malory, mfungwa, aliyekikamilisha katika mwaka wa tisa wa utawala wa Edward wa Nne, yaani kati ya Machi 1469 na Machi 1470. Katika miaka ya 1890, G. L. Kittredge alimtambulisha kuwa Sir Thomas Malory wa Newbold Revel, Warwickshire. Mwaka 1897 A. T. Martin alileta mpinzani, Thomas Malory wa Papworth St Agnes, na silaha yake ilikuwa wosia wa tarehe 16 Septemba 1469, uliothibitishwa tarehe 27 Oktoba mwaka huo. Kifo chake kiliangukia katika siku 41, ndani ya mwaka ule ule wa tisa. Isitoshe, siku yake ya kuzaliwa imehifadhiwa katika kumbukumbu nyingine: tarehe 6 Desemba 1425. Umri wake wa miaka 43 ulionekana kumfaa mwandishi.

Mvuto wa hoja hiyo unaeleweka, kwa kuwa tarehe zake ni safi. Walakini usafi wa tarehe hauthibitishi kwamba zimeshikwa na mtu anayetafutwa. Hakuna ushahidi kuwa Malory wa Papworth alikuwa na cheo cha Sir, wala kwamba alifungwa. Yule wa Newbold Revel alikuwa navyo vyote viwili, na sehemu kubwa ya miaka ya 1450 aliimaliza gerezani. Kilichomkosesha nafasi machoni mwa baadhi ya wahakiki ni umri. William Dugdale, katika historia yake ya Warwickshire ya mwaka 1656, aliandika kwamba Malory huyo alitumika Calais chini ya Richard Beauchamp wakati wa Henry wa Tano, mfalme aliyefariki mwaka 1422. Ukilikubali dai hilo, mtu huyo alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70 alipokuwa akiandika, na William Matthews, katika kitabu chake cha mwaka 1966, aliona hilo haliwezekani, akapendekeza Malory wa tatu kutoka Yorkshire.

P. J. C. Field aliirudia hoja hiyo mwanzoni mwake. Katika utafiti uliofikia kilele mwaka 1993 alionyesha kwamba askari wa Calais yamkini alikuwa mtu mwingine wa jina hilo hilo, mkubwa kwa umri, na kwamba Malory wa Newbold Revel anaanza kuonekana katika hati kama mtu mzima mwaka 1439. Field alikadiria kuzaliwa kwake kati ya 1415 na 1418. Kwa hesabu hiyo alikuwa na miaka 50 na kitu alipoandika, na alipofariki tarehe 14 Machi 1471 alikuwa bado hajafika 60. Pingamizi la uzee, lililotosha kumnyang'anya mtu kitabu, lilikuwa limesimama juu ya sentensi moja iliyoandikwa takriban karne mbili baada ya mazishi yake.