Nyumba haikubomoka, ilibomolewa

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo wengi wetu huvichanganya: kubomoka na kubomolewa. Ukuta uliolowa mvua hubomoka wenyewe. Uliopigwa nyundo umebomolewa, na hapo msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani?

Ukitoka Kitengela kwenda Nairobi, ukishapita Athi River na kufika Mlolongo, ng'ambo ya reli kuna African Heritage House. Nyumba hiyo iliyotazamana na Mbuga ya Nairobi ilibuniwa na Mmarekani Alan Donovan kwa mtindo wa majengo ya udongo ya Afrika Magharibi. Reli ya SGR ilipopangwa, ilikuwa nusura ibomolewe. Watu wakapiga kelele, ikatangazwa rasmi kuwa turathi ya kitaifa, na hadi leo imesimama.

Nyumba ya Joseph Murumbi, mshirika wa Donovan katika biashara ya sanaa, haikuwa na bahati hiyo. Murumbi, ambaye babake alikuwa Mgoa na mamake Mmaasai, alikuwa makamu wa rais mwaka wa 1966, akajiuzulu mwaka uo huo. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na vitabu na sanaa alizozikusanya, akitumaini kwamba pale pangekuwa na taasisi ya taaluma za Kiafrika. Mkusanyo wake sasa umo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Nyumba yenyewe ilibomolewa.

Tofauti ni nini basi? Moja ilikingwa na sheria, nyingine ilitegemea ahadi. Wahenga walisema ahadi ni deni, ila deni hili halikuwa na mdai.

Wakazi wa Kajiado wasidhani hayo ni ya Muthaiga tu. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, na tangu hapo ardhi imeuzwa kipande kwa kipande. Mnunuzi hununua ploti. Kilichojengwa juu yake hukiona kizuizi. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 ipo. Hebu kaunti iorodheshe majengo yake ya kale sasa, kabla tingatinga halijafika. La sivyo, watoto wetu wataambiwa yalibomoka, na hawatamjua wa kumuuliza.