Kusoma Neno Pande za Moi's Bridge

Moi's Bridge, iliyoitwa Hoey's Bridge enzi za walowezi, iko katika eneo lililopokea Ukristo kupitia misheni mbalimbali. Mojawapo ni ya Marafiki (Quakers) kutoka Marekani, waliofungua kituo Kaimosi mwaka 1902, kisha imani yao ikaenea hadi Bungoma na Trans Nzoia. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, iliwapa waumini wa makabila tofauti maandiko ya pamoja.

Katika kuyasoma maandiko hayo, fungu fupi hufasiriwa vyema likisomwa pamoja na yanayolizunguka. Kwa mfano, katika Luka 10:25–37, kuhani na Mlawi wanampita majeruhi. Msamaria, mtu wa jamii nyingine, anamfunga jeraha, kisha anamlipia dinari mbili katika nyumba ya wageni. Hapo Mkristo anafundishwa kumhudumia mhitaji bila kuuliza kabila lake.