Mkaa ulioinusuru nyama ya Chicago

ISIOLO: Mwaka 2027 itatimia karne tangu wenye viwanda vya nyama wa Chicago, Marekani, waanze kuukimbilia mkaa ili kuokoa biashara yao. Mji wa mifugo kama Isiolo, ambao kichinjio chake kilianza kujengwa 2007 kikasuasua miaka na miaka, una sababu ya kukisikiliza kisa hiki.

Sifa za mkaa zilijulikana zamani. Tobias Lowitz, mfamasia wa St. Petersburg, alionyesha mwaka 1785 kwamba huondoa rangi katika vimiminika. Mnamo 1900 na 1901 Raphael von Ostrejko akapata hataza za kuuamilisha, yaani kuutoboa vitundu kwa joto kali na mvuke, hata kuta za vitundu vya gramu moja zinaweza kufikia mita 1,000 za mraba. Vita Kuu ya Kwanza ikautia ndani ya barakoa za gesi, na vifuu vya nazi, vilivyochomwa kuupata, vikawa mali.

Chicago ilikunywa maji ya Ziwa Michigan, ambamo viwanda vilimwaga taka zenye fenoli. Kiasi chake kilikuwa kidogo, ulimi haukukitambua. Lakini mji ulitia klorini kuzuia homa ya matumbo, na viwili hivyo vilipokutana vikazaa klorofenoli, ambayo chembe yake tu huyapa maji ladha ya dawa ya hospitali. Ukipunguza klorini, unakaribisha maradhi. Ukiiacha, ladha ya nyama inaharibika. John R. Baylis, mkemia wa maji wa mji huo, aliandika kitabu kizima kuhusu ladha na harufu za maji mwaka 1935. Wenye nyama hawakumngoja. Kati ya 1927 na 1928 walitia mkaa wa unga katika maji yao wenyewe. Mkazi wa kawaida aliendelea kuvumilia, maana mtambo wa kwanza wa mji wa kuchuja maji ulikuja 1947!

Mji wa Hamm, Ujerumani, ulitumia mkaa wa punje kusafisha maji yake 1929. Mwaka 1974 Johannes Rook wa Uholanzi akaonyesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya mimea majini huzaa kloroformu, na mkaa ukapata kazi nyingine, ya kuyanasa mabaki hayo.

Huku kwetu mathenge, mti uliosambazwa maeneo kame miaka ya 1980 na sasa unasonga malisho, huchomwa mkaa wa jikoni basi. Mkaa ulioamilishwa tunauona ndani ya vichujio vya maduka ya kujaza maji, kwa mwenye pesa ya mtungi wa lita 20. Ugomvi wetu na mashamba ya Timau na Nanyuki umekuwa wa wingi wa maji ya Ewaso Nyiro. Dawa za kunyunyizia mimea, ambazo mkaa huzinasa vizuri, hazitajwi sana barazani.

Wakazi wa Merti wenye visima vya chumvi wasidanganywe, hata hivyo: mkaa hauondoi chumvi ya kisima. Na ukishajaa haunasi tena, kwa hiyo mnunuzi amuulize muuzaji aliubadilisha lini.