Kura moja ya Chake Chake: hesabu ya chaguzi za Zanzibar tangu 1957



Juzi hapa Guangzhou nilikuwa nasomesha historia ya Afrika Mashariki, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Kwao ni shamba, jimbo hili hili la Guangdong. Akasema kijijini kwao wanapiga kura kuchagua kamati ya kijiji, lakini gavana wa jimbo hawampigii, huyo huchaguliwa na bunge la jimbo. Sasa akataka kujua: inakuwaje visiwa visivyofika watu milioni mbili (sensa ya 2022 ilihesabu 1,889,773), na mji huu peke yake una zaidi ya milioni 18, viwe na rais wao na Baraza la Wawakilishi lao, na wananchi wachague vyote viwili? Na kama wanachagua, mbona kila wakichagua wanagombana?

La kwanza ni jepesi, Muungano wa 1964 uliibakishia Zanzibar serikali yake. La pili nilimjibu mbio mbio kwa sababu kengele ilikuwa karibu, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Ndiyo nikaona niandike.

Sisi wenyewe tuna majibu mawili tuliyoyazoea. Wengine husema ni ukabila, yaani Mwarabu, Mshirazi na Mwafrika. Wengine husema ni wizi wa kura, basi. Sisemi hayo hayapo. Lakini nadhani kuna jambo jengine tunaliruka, nalo ni hesabu. Visiwa vyetu vimegawika karibu nusu kwa nusu, halafu tukawekewa utaratibu wa mshindi kuchukua chote. Ukitia vitu hivyo viwili chungu kimoja, hata waliopika wawe malaika, kitachafuka.

Hebu tuanze mwanzo. Julai 1957 ulifanywa uchaguzi wa kwanza, viti sita tu vya Baraza la Kutunga Sheria. Wanawake hawakupiga kura, na wanaume nao walitakiwa wawe na masharti ya umri, mali au elimu. ZNP haikupata hata kiti kimoja, na Ali Muhsin mwenyewe alishindwa Ng'ambo na Abeid Karume. Wengi walidhani mambo yamekwisha pale. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Hizbu walikwenda mashamba, wakafungua matawi na madarasa. Mwishoni mwa 1959 Mohammed Shamte na wenzake wa Pemba wakajitoa ASP wakaunda ZPPP.

Januari 1961 viti vikawa 22, na wanawake nao wakapanga foleni. ASP ikapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda na ZNP, mmoja akarudi kwa ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja! Na katika viti kumi vya ASP, kile cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Fikirini vizuri. Kura mbili zikienda upande wa pili, ASP inakuwa na 9, ZNP 10, na kwa msaada wa wale wawili serikali inapatikana siku ile ile, na uchaguzi wa Juni hauhitajiki.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Pemba, na hadithi ya kura hiyo nimeisikia tangu sijaanza skuli. Kila ukoo ulikuwa na mtu wake wa kumlaumu. Fulani alikwenda kuchuma karafuu, fulani alichelewa kwa sababu mkewe alikuwa na uchungu, fulani alikosea kutia alama. Siwezi kusema lipi la kweli. Ninachojua ni kuwa baba na ami yangu, ndugu wa tumbo moja, walisita kusemezana mwaka ule kwa sababu mmoja alikuwa Afro na mwengine Hizbu. Wazee mnazikumbuka zama zile za siasa: watu wakisusiana maduka, wakisusiana mabasi, hata kuzikana wakisusiana.

Juni 1961 wakarudia. Safari hii viti 23: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. ASP ilikuwa na karibu nusu ya kura zote lakini serikali ikaundwa na ZNP na ZPPP. Fujo zikazuka siku ile ile na watu 68 wakafa. Kisha Julai 1963, viti 31. ASP ikapata kama asilimia 54 ya kura, na viti 13 tu. ZNP 12 na ZPPP 6, jumla 18.

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia neno "wizi". Lakini hata bila kuiba, hesabu inawezekana. ASP ilikuwa ikishinda majimbo yake kwa maelfu ya kura za ziada, na wenzao wakishinda yao, khasa Pemba, kwa tafauti ndogo. Kura ya elfu moja ya ziada haikuongezei kiti cha pili. Kwa sheria, muungano wa ZNP na ZPPP ulishinda. Kwa idadi ya watu, ASP ilishinda. Pande zote mbili zikawa na haki ya kusema "sisi ndio wenye nchi," na hapakuwa na mlango wa kuwaingiza wote wawili ndani. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi.

Kutoka hapo wananchi hawakumpigia kura rais wao wa Zanzibar mpaka 1980, alipochaguliwa Aboud Jumbe akiwa mgombea pekee, mwaka ule ule lilipoanza Baraza la Wawakilishi. Wengine walidhani mgawanyiko umezikwa. Mwaka 1985 Idris Abdul Wakil alisimama peke yake, kura ya ndiyo au hapana, na akapata chini kidogo ya asilimia 60. Peke yake!

Vyama vingi viliporudi, hesabu ile ile ikarudi. Oktoba 1995, Salmin Amour kura 165,271, Seif Sharif Hamad 163,706. Tafauti 1,565, idadi inayoingia ukumbi mmoja wa harusi hapa China. Barazani CCM viti 26, CUF 24, na viti vyote 21 vya Pemba vikaenda CUF. Mwaka 2000 uchaguzi ukarudiwa katika majimbo 16, na Januari 2001 watu zaidi ya 30 waliuawa kwenye maandamano, wengine wapatao elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Mimi nilikuwa masomoni ugenini, nikikaa na simu usiku kucha kuuliza nani kazikwa.

Jibu la maana lilikuja 2010. Amani Karume na Maalim Seif walikutana Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Katiba ikabadilishwa, wa pili akapewa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wizara zikagawiwa kwa kufuata viti. Matokeo ya Oktoba yalikuwa membamba kama yale ya 1995: Dkt. Shein asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Lakini safari hii aliyeshindwa alikwenda ofisini, hakwenda makaburini. Wazanzibari ni wale wale na visiwa ni vile vile. Kilichobadilika ni fungu la aliyeshindwa.

Lakini tusijidanganye. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi kabla hesabu haijakamilika. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 CUF waliususia, na Dkt. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Kwa hiyo kugawana madaraka peke yake hakutoshi, kwanza kura zihesabiwe mpaka mwisho. Na kuhesabu peke yake nako hakutoshi, kama 1961 na 1963 zinavyotuonyesha. Mwaka 2020 Dkt. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76, ACT-Wazalendo ikayakataa matokeo, na bado Disemba ile Maalim Seif akaapishwa Makamu wa Kwanza. Alifariki Februari 2021. Wako waliomlaumu kwa kukubali. Mimi naona alikuwa ameisoma hesabu hii kuliko sote.

Basi wiki ijayo nitamjibu tena yule mwanafunzi. Nitamwambia tunagombana kwa sababu mara nyingi tumeuliza nani kashinda, na mara chache sana tumeuliza aliyeshindwa atapata nini.

Ami yangu alikuja kumzika baba. Alisimama safu ya nyuma, akatia udongo wake, akaondoka bila ya kusema kitu. Ilikuwa imepita miaka karibu thelathini. Wazee mlio Muscat, Dubai, London na Toronto, mliokuwa Chake Januari ile, andikeni mnayoyakumbuka. Na nilipokosea, nisahihisheni.

Wassalaam.