Fundo la Kale na Mishipa ya Moyo

Katika barabara ya Mizingani, Unguja, likiikabili bandari, limesimama jumba ambalo Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 liwe hospitali, kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, likamalizwa mwaka 1894, na baadaye likamfikia Haji Nasser Nurmohamed, aliyeifanya sehemu ya chini zahanati ya sadaka. (Wageni husifu roshani zake, dawa zake zimesahauliwa.) Walakini yule ambaye mshipa wa moyo wake ulikuwa umetuna, ukuta wake ukadhoofu, asingepata hapo, wala kokote duniani zama hizo, mkono wa kuupasua, na aghalabu alizikwa pasi na maradhi yake kupewa jina.

Si kwamba ilmu ilikosekana kabisa. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, aliagiza katika kitabu chake Al-Tasrif kwamba mshipa uliotuna ufungwe kwa uzi, akaonya kuwa wa shingoni, kwapani na kinenani usiguswe. Naye tabibu Ibn al-Nafis, katika karne ya 13, alithubutu kumkhalifu Ibn Sina, akisema moyo hulishwa na mishipa iliyomo katika nyama yake.

Fundo la uzi la Al-Zahrawi lingalipo. Uvimbe wa mshipa wa moyo unapogandisha damu ndani yake, au, jambo lililo nadra zaidi, unapopasuka na kuujaza damu mfuko uuzungukao moyo, mpasuaji huufunga huku na huku. Ila, kwa kuwa nyama iliyo mbele ya fundo ingekufa kwa kukosa damu, sharti aiundie njia mpya kwa mshipa wa mguuni au wa kifuani. Hayo hayakuenea mpaka mpasuaji John Gibbon alipoonyesha, mwaka 1953, kuwa mashine yaweza kushika kazi ya moyo na mapafu, na René Favaloro, mwaka 1967 huko Cleveland, akaithibitisha njia ya mshipa wa mguuni. Mwaka huo huo Tomisaku Kawasaki wa Japani aliandika juu ya homa ya watoto, ambayo baadaye ilibainika kuwa huwatunisha baadhi yao mishipa hiyo.

Unguja, yote haya yalimaanisha safari: hospitali ya Mnazi Mmoja ilipofikia ukomo wa uwezo wake, wagonjwa wa moyo walipelekwa Bara Hindi, na watoto wengi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, Holon nchini Israeli. Upasuaji wa moyo ulipoanza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kusimama mwaka 2015, safari hiyo ikafupika, kwa walio wengi, ikawa mwendo wa boti wa saa chache hadi Dar es Salaam.