Kumbukumbu na Umri Mrefu Kupindukia

Kumbukumbu katika umri mrefu kupindukia ni suala la saikolojia, sayansi ya ubongo na falsafa, linalohusu namna akili ya binadamu ingehifadhi na kusahau mambo endapo mtu angeishi karne kadhaa. Hakuna aliyewahi kufikia umri huo, kwani mkubwa kuliko wote unaotambuliwa ni wa Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Hivyo yote yasemwayo hutegemea yanayojulikana kuhusu maisha ya kawaida.

Hofu inayotajwa mara nyingi, kwamba ubongo ungejaa, haina msingi mkubwa. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kumbukumbu haikai ndani ya seli moja, bali hutawanyika katika sinapsi, yaani maungio ambayo kwayo seli hupashana ishara, na kila ungio hushiriki katika kumbukumbu nyingi. Kikwazo halisi ni mwingiliano, hali ambayo jambo moja huzuia jingine linalofanana nalo lisikumbukwe: mtu aliyekaa na majirani wa vizazi kumi asingesahau majina yao kwa kukosa pa kuyaweka, bali kwa sababu kila akitafuta jina la mmoja, la mwingine lingemjia kwanza.

Zito zaidi ni kwamba kukumbuka ni kujenga upya. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyowasomesha Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika Kaskazini na kuwataka waisimulie tena na tena. Mitumbwi ikageuka mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na yasiyoeleweka yakaachwa, ilhali wasimulizi hawakukusudia kudanganya. Baada ya miaka 300 ya kusimulia utoto wake, mtu angebaki na simulizi iliyozoeleka, si tukio lenyewe.

Maarifa yaliyofunzwa kwa kina hudumu vizuri zaidi. Mwanasaikolojia Harry Bahrick wa Marekani alionyesha mwaka 1984 kwamba waliojifunza Kihispania shuleni husahau sana katika miaka 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha kinachobaki hukaa bila kupungua kwa takribani miaka 30, hata kisipotumika.

Uzee wenyewe si lazima uharibu akili. Hendrikje van Andel-Schipper wa Uholanzi, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na miaka 115, alipimwa akiwa na miaka 112 na 113 akapita wastani wa watu wa miaka 60 hadi 75, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa karibu hauna dalili za ugonjwa wa Alzheimer.

Kwa upande wa falsafa, John Locke alifundisha kwamba mtu hubaki yuleyule kwa kukumbuka alivyokuwa, fundisho ambalo lingemfanya mzee wa miaka 500 awe mgeni kwa utoto wake. Mwanafalsafa Thomas Reid alilipinga mwaka 1785 kwa mfano wa jenerali asiyekumbuka kuchapwa utotoni, ingawa anakumbuka ushujaa wake alipokuwa afisa, na afisa huyo alikikumbuka kiboko. Pingamizi hilo lina nguvu, kwa kuwa kinachomuunganisha mtu na utoto wake ni mfuatano wa kumbukumbu zinazopishana, hata kama ya kwanza imekwisha kufutika.